Namba Zinaoana, Lakini Chuma Kinasema Mengine

"Shikamoo mzee. Mimi ni dereva wa lori hapa Columbus, Ohio, mzaliwa wa Likoni, Mombasa. Tangu utotoni moyo wangu uko kwa Corvette, lile gari la kasi la Kimarekani la kampuni ya Chevrolet. Kinyozi wetu alikuwa na kalenda yenye picha yake, na mwaka ulipokwisha hakuibandua. Sasa nina akiba ya dola 32,000 na nimeona magari mawili, yote ya 1972. La kwanza ni jekundu, linang'aa, limeishi Michigan miaka yote. Mwenyewe anataka dola 31,000 kwa sababu namba zake zinaoana, yaani injini ni ile ile iliyofungwa kiwandani. Nilipiga picha. Pale palipogongwa namba kwenye injini ni palaini, panang'aa kama kisu kipya, na namba inalingana na ya chasisi. Nyuma ya injini nikaona 3970010, na upande wa pili C 14 3. Kibati cha mlangoni kinasema rangi 946. La pili limetoka New Mexico, rangi ya machungwa iliyopauka, kibati 987. Injini si yake, na mwenyewe alikiri kabla sijamuuliza. Anataka 19,500. Yule wa kwanza ananiambia bodi ni faibaglasi kwa hiyo hakuna kutu, na kwamba bei ya magari haya hupanda tu. Mke wangu anauliza kama huu si wazimu wa kumwaga pesa. Je, ni kweli anayosema muuzaji? Mbona la 1971 linaandikwa nguvu farasi 270 na la 1972 ni 200, walilikaba? Nikistaafu naweza kurudi nalo Mombasa? Na jambo la mwisho, naona haya kwenda kwenye mikutano ya wenye magari haya. Sijamwona mtu kama mimi pale."

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mengi, lakini nikiyapima naona hofu yako ni moja: akiba ya miaka mingi isije ikaenda kwa siku moja kununua maneno. Hofu hiyo ni ya haki. Nimeshika spana za Corvette zaidi ya miaka 20, na waliokuja kwangu wakilia si walionunua magari mabovu. Gari bovu hutengenezwa. Waliolia ni walionunua hadithi, wakailipia kama chuma.

Nianze na zile picha zako, maana umenitumia jibu bila kujua.

Hayo maandishi ya nyuma ya injini hayakugongwa na mtu. Yalitoka kwenye kalibu chuma kilipomiminwa, ndiyo maana yameinuka. 3970010 ni namba ya aina ya bloku, yaani mwili wa injini. Chevrolet waliitumia bloku hiyo kuanzia 1969 hadi mwisho wa miaka ya 70, kwenye Corvette, kwenye Camaro, hata kwenye pikapu. Kwa hiyo kuiona pale hakuthibitishi lolote, ila kwamba bloku ni ya ukoo sahihi. Habari iko upande wa pili, C 14 3. Herufi ya kwanza ni mwezi: A ni Januari, B Februari, C Machi. Kisha siku. Kisha tarakimu ya mwisho ya mwaka. Chuma hicho kilimiminwa tarehe 14 Machi, na kwa bloku hiyo tarakimu 3 haiwezi kuwa mwaka mwingine ila 1973.

Sasa fikiri nami. Kiwanda cha St. Louis, Missouri, kilimaliza kuunda Corvette za 1972 katikati ya mwaka huo huo wa 1972, kikahamia za 1973. Injini ambayo chuma chake kilikuwa bado hakijayeyushwa inawezaje kutoka kiwandani ndani ya gari hilo? Haiwezekani. Hiyo injini iliingia baadaye, na mtu fulani akagonga namba ili ioane na chasisi.

Usiharakishe kumwita muuzaji mwizi, lakini. Magari haya yamepita mikono mingi, na huenda yeye mwenyewe aliuziwa maneno hayo hayo akayaamini. Pia yawezekana umesoma 2 ukaona 3, kwa kuwa maandishi ya kalibu huwa na makwaruzo, mafuta na rangi juu yake. Rudi na brashi ya waya na kipande cha chaki. Sugua, pitisha chaki kwa ubavu ili itue juu ya sehemu zilizoinuka tu, kisha piga picha tena, tochi ikiwa pembeni na si mbele. Ikitokea 2, nitakuwa wa kwanza kufurahi.

Ila kuna shahidi wa pili, naye ni ule ulaini uliouona. Pale namba zinapogongwa ni kijukwaa kidogo mbele ya silinda hedi ya upande wa abiria, upana wake kama vidole viwili. Kiwandani, uso wa juu wa bloku ulikatwa na mashine iliyopita kutoka mbele kwenda nyuma, ikaacha mistari myembamba iliyonyooka sambamba, kama nyuzi za kitambaa. Namba za kweli zimegongwa juu ya mistari hiyo. Ukimulika kwa pembeni, unaiona ikipita chini ya tarakimu na kutokea upande wa pili. Injini ikipelekwa kwa fundi wa mashine na uso ule ukasawazishwa, mistari hupotea, na namba za zamani hupotea pamoja nayo. Hilo ni jambo la halali kabisa, injini nyingi nzima zimefanyiwa hivyo. Lakini uso uliosawazishwa hauwezi kubaki na namba za kiwandani. Palaini kama kisu, halafu namba zimesimama wima juu yake? Zimegongwa baada ya kisu kupita.

Watu wengi huchanganya namba ya chasisi na injini, basi niiweke sawa. Namba ya chasisi ya 1972 ina herufi na tarakimu 13, iko kwenye nguzo ya kioo cha mbele upande wa dereva, inasomeka ukiwa nje. Yako itaanza 1Z37K2S. 1 ni Chevrolet, Z ni Corvette, 37 ni kupe, yaani lenye paa (la wazi huandikwa 67), K ni injini, 2 ni mwaka, S ni St. Louis. Mwaka 1972 ndio wa kwanza kwa Corvette kuwekewa herufi ya injini humo: K ni ile ya kawaida ya nguvu farasi 200, L ni LT-1, ile yenye nguvu zaidi ya kawaida, W ni ile kubwa ya inchi 454 za ujazo. Kwa hiyo namba hukwambia gari lilizaliwa na injini ya aina gani. Haikwambii kwamba hiyo unayoiona leo ndiyo ile iliyozaliwa nayo. Mtu akikuonyesha herufi L kwenye nguzo na injini yoyote ndani ya boneti, hajakuthibitishia kitu. Na ukiwa hapo kwenye nguzo, tazama ripiti zinazoshika kibati. Za kiwandani zina kichwa chenye umbo la ua. Ukikuta za kawaida, au kibati kina alama za bisibisi, ondoka. Hapo hatuzungumzii thamani tena, tunazungumzia polisi.

Turudi kwenye kibati cha mlangoni. Ile 946 ni kijani kiitwacho Elkhart Green. Gari lako jekundu lilizaliwa kijani. Kubadili rangi si kosa, na kama unapenda nyekundu furahia nyekundu. Lakini mtu anayekutoza bei ya gari lisiloguswa huku limebadilishwa rangi na injini anakutoza vitu ambavyo havipo. Lile la pili, 987 ni Ontario Orange. Limepauka, lakini ni lenyewe.

Niingie kwenye hili la kutu, ambalo kwangu ni zito kuliko injini.

Ni kweli, bodi ya Corvette ni faibaglasi tangu yale magari 300 ya kwanza ya 1953, yote meupe na ndani mekundu, yaliyoundwa kwa mkono kule Flint, Michigan. Faibaglasi haishiki kutu. Lakini bodi haikai hewani. Chini yake kuna fremu ya chuma, na kuzunguka kioo cha mbele na milango kuna mifupa ya chuma ambayo wenyewe huiita tundu la ndege. Faibaglasi imegundishwa juu ya mifupa hiyo. Ikioza, huioni. Na hapo ndipo faibaglasi inapokuwa adui, kwa sababu gari la bati likioza linakuonyesha matundu mlangoni, hili linakuonyesha sura ya bibi harusi huku uti wa mgongo umekwisha.

Niliwahi kuletewa la 1970, jekundu kama hilo lako, rangi yake unajiona usoni. Mwenye gari alilalamika mlango wa dereva unakwaruza ukifungwa. Nikashika zulia chini ya kanyagio, likatoa maji mkononi. Nikafungua kile kipande cha plastiki cha ubavuni, pale mguu wa kushoto unapoegemea, nikamulika tochi. Kutu ilidondoka kwenye kiganja changu kama majani ya chai. Maji yalikuwa yakiingia kwenye kona ya chini ya kioo cha mbele miaka na miaka, yakishuka ndani ya nguzo, yakikaa pale bodi inapokalia fremu. Nguzo ile ndiyo inayobeba mlango. Kuitengeneza ilibidi tung'oe kioo, tukate faibaglasi, tunyanyue bodi kutoka kwenye fremu, tuchomelee chuma kipya, kisha turudishe kila kitu na kupaka rangi upya. Yule bwana alilipa matengenezo zaidi ya alivyolipa gari.

Gari lililoishi Michigan limeishi na chumvi. Huko kama hapo kwako Ohio, barabara humwagiwa chumvi kila baridi ili barafu iyeyuke, na chumvi ile hupanda kwenye fremu, hukaa hasa pale fremu inapopinda kwenda juu mbele ya tairi za nyuma, kwenye matope yasiyooshwa. Yawezekana mwenyewe hakulitoa hata siku moja wakati wa baridi. Wapo waungwana wa namna hiyo. Lakini gari limekuwa barabarani tangu 1972, na katika miaka yake ya kwanza lilikuwa gari tu la mtu kwenda kazini, si kito cha kufunikwa shuka. New Mexico ni kavu. Jua la huko hupausha rangi, hupasua dashibodi na mipira ya milango, lakini dashibodi hununuliwa na mipira huagizwa. Spea za gari hili bado zinatengenezwa karibu zote. Mifupa ndiyo haiagizwi ikaja na posta.

Kwa hiyo kwa yote mawili, kabla hujafungua boneti, fanya haya. Shika zulia pande zote mbili. Fungua vile vipande vya ubavuni na umulike. Fungua mlango nusu, uunyanyue kidogo: bawaba zilizochakaa hucheza, hilo dogo, lakini ukiona nguzo yenyewe inatembea, funga na uage. Tazama nafasi kati ya mlango na bodi, iwe sawa juu na chini. Kisha gari lipandishwe juu, nawe uingie chini na nyundo ndogo. Gonga fremu taratibu. Chuma kizima hulia, kilichooza hunyamaza.

Kuhusu nguvu farasi, hapana, hawakulikaba kiasi hicho. Yalitokea mambo mawili, watu huyafanya moja. Mwaka 1971 General Motors, wenye Chevrolet, walipunguza mgandamizo wa injini ili zitumie petroli yenye risasi kidogo au isiyo na risasi, na ile ya kawaida ya Corvette ikashuka kutoka 300 hadi 270. Huko kulikuwa kushuka kweli. Mwaka 1972 walibadili namna ya kupima. Zamani injini ilipimwa ikiwa peke yake juu ya stendi, bila kichujio cha hewa, bila feni, bila bomba lote la moshi. Tangu 1972 ikapimwa ikiwa na mizigo yake yote kama inavyokaa ndani ya gari. Ndipo 270 ikaandikwa 200. Ukiyaendesha ya 1971 na 1972 mfululizo, makalio yako hayatatofautisha. Na mgandamizo huo mdogo una faida kwako, kwani injini hii inakunywa petroli ya kawaida bila kugonga.

Sasa pesa. Muuzaji anasema bei hupanda tu, na ushahidi wa watu kama yeye huwa ni minada ya televisheni. Mwezi Januari 2014, huko Scottsdale, Arizona, Corvette ya 1967 yenye L88, injini ya mashindano, iliuzwa dola milioni 3.85. Ni kweli. Lakini mwaka ule L88 zilitengenezwa 20 tu. Corvette za 1972 zilitengenezwa 27,004, na nyingi zaidi zilikuwa na injini ya kawaida kama hizi zako. Ni gari zuri ajabu. Ni la mwisho kuwa na bampa za kromu mbele na nyuma kwa pamoja, na la mwisho ambalo kioo cha nyuma kinatolewa, na kwa macho yangu ndilo sura tamu kuliko zote za kizazi chake. Lakini adimu si sifa yake. Bei ya magari kama haya hupanda, husimama, hushuka, kwa kufuata umri wa wanaoyapenda na hali ya mifuko yao. Mwambie mkeo kwamba ameuliza swali la mtu mwenye akili. Hii si akiba ya uzeeni, wala usimwahidi hivyo. Ni kitu cha kufurahia ambacho, ukikinunua vizuri na kukitunza, huenda kikarudisha sehemu kubwa ya pesa yako siku ukikiuza. Kama hesabu ya nyumbani haiwezi kubeba hilo, subiri. Magari hayakimbii.

Na tazama hesabu yenyewe. Ukinunua jekundu unabaki na dola 1,000. Ukinunua la machungwa unabaki na 12,500. Corvette ina breki za diski kwenye magurudumu yote manne tangu 1965, na kila kalipa, yaani kibanio cha breki, ina pistoni nne. Gari likikaa bila kuendeshwa, mafuta ya breki hunyonya unyevu, ndani ya kalipa hushika vishimo, kisha hazizibi tena. Dawa ni kalipa zilizotiwa bomba la chuma cha pua ndani. Tairi nazo, tazama tarakimu nne ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi yenye kashata nzima lakini ina miaka 15 ni ya kutupwa. Weka mipira mipya ya petroli, kwa kuwa petroli ya sasa ina ethanoli inayolainisha mipira ya zamani, na moto kwenye faibaglasi hausubiri zimamoto. Tia oili yenye zinki ya kutosha, maana kemshafti ya injini hii ni ya aina ya kale inayosuguana moja kwa moja na vikombe vyake, na oili nyingi za magari ya kisasa zimepunguzwa zinki. Beringi za nyuma zikiwa na mchezo, hizo si za kubadilisha uani kwako, mpe anayejua. Dola 1,000 haifiki hata robo ya njia.

Kwa hiyo mimi ningefanyaje? Nisingelipa senti moja ya ziada kwa zile namba za gari jekundu. Nikiziondoa, linabaki gari la injini isiyo yake, rangi isiyo yake, kutoka kwenye chumvi. Kama mifupa yake itakutwa mizima kabisa, thamani yake inakaribiana na lile la machungwa, na kama muuzaji atakubali bei ya namna hiyo baada ya kumwonyesha C 14 3, basi ni gari la kufikiria. Wengi hawakubali. Lile la machungwa linanivutia kwa sababu moja ambayo haionekani kwenye picha: mwenyewe alikwambia injini si yake kabla hujamuuliza. Anayeanza na kasoro huwa na machache ya kuficha. Na kwa mtu anayetaka kuliendesha Jumamosi asubuhi, si kuliweka kwenye maonyesho, injini isiyo ya asili ni uhuru. Hutaogopa kuifungua.

Kama roho yako imeng'ang'ania gari la asili kamili, hakuna ubaya, lipo, ila kwa pesa hiyo itabidi usubiri na utafute kwa utulivu. Dai ushahidi zaidi ya namba. Kuna karatasi ya kiwandani iliyogundishwa juu ya tangi la petroli, imeorodhesha kila kilichofungwa kwenye gari. Mara nyingi imelika na panya au unyevu, lakini inapokuwepo haibishaniwi. Ukinunua la machungwa, siku ukishusha tangi kubadili mipira, lishushe polepole kwa mikono, usilisugue juu.

Hapa sasa maneno yangu yanafika mwisho wake. Mimi nimeona picha tano, sijashika gari. Usilipe lolote kati ya haya mawili kabla ya mkaguzi wa kukodi, asiyefahamiana na muuzaji, kulipandisha juu mbele ya macho yako. Atakutoza mamia kadhaa ya dola, na ndizo pesa bora utakazotumia. Akikataa muuzaji, jibu umelipata. Kwa suala la namba, tafuta mtu aliyewahi kuwa jaji katika National Corvette Restorers Society. Chama hicho kipo tangu 1974 na majaji wake husoma mihuri na tarehe za kila kipande kama hakimu anavyosoma hati. Hati ya umiliki ilinganishe na namba ya nguzoni, herufi kwa herufi, kabla pesa haijatoka. Gari la jimbo jingine litakaguliwa namba yake kwanza ndipo upewe hati ya Ohio, kwa hiyo tatizo lolote litakuangukia wewe. Na bima usichukue ya kawaida. Kwa bima ya kawaida, gari likiharibika wanalihesabu kama gari kuukuu. Omba bima ya thamani iliyokubaliwa, ambapo wewe na kampuni mnaandika kiasi tangu mwanzo, na ndicho watakacholipa.

Kuhusu Mombasa, najua inavyouma, lakini nikufiche? Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, wala gari la usukani wa kushoto halisajiliwi kwa matumizi ya kawaida, na Corvette ya 1972 haikutengenezwa na usukani wa kulia. Usilipie meli kwa kumsikiliza mtu wa mtandaoni aliyesema njia ipo. Ukifika wakati huo, anza kwa wakala wa forodha mwenye leseni na upate jibu la maandishi. Hesabu gari hili kuwa la maisha yako ya Ohio. Kiu ya nyumbani unaweza kuikata kwa namna nyingine: kila mwaka Nairobi, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, kuna maonyesho ya magari yaitwayo Concours d'Elegance, yalianza 1970. Nenda likizo yako igongane nayo.

Ile aibu yako ya kwenda mikutanoni nimeiacha mwisho kwa kuwa ndiyo iliyonigusa.

Siwezi kukwambia utakuta watu wa rangi zote. Wengi pale ni wazee wa Kizungu, wastaafu, wamelijua gari hili tangu lilipokuwa jipya. Siku yangu ya kwanza nilikaa ndani ya gari langu dakika 20 nikiwa nimeshika ufunguo. Mzee mmoja akaja akagonga kioo, nikadhani anataka niondoke. Alitaka kujua kabureta yangu nimeirekebishia wapi. Tangu siku hiyo nimejifunza kwamba pale salamu ni swali la gari. Nenda kwanza bila gari, mwishoni mwa Agosti, Carlisle, Pennsylvania. Utakuta uwanja umejaa Corvette mpaka jicho linachoka. Simama mbele ya la 1972 ambalo boneti yake iko wazi, muulize mwenyewe jambo moja tu: "Naomba unionyeshe mistari kwenye kijukwaa cha namba." Utaona uso wake. Atakuinamisha, atakupa tochi yake, na baada ya nusu saa atakuwa amekuitia rafiki zake watatu. Kuuliza si ujinga, na kwa watu hawa kuuliza ndiyo hodi yenyewe. Wapo watakaokutazama vibaya, sitakuficha, nimekutana nao wawili watatu. Hawakutosha kunitoa.

Tena ujue gari hili limelelewa na mgeni. Zora Arkus-Duntov, ambaye Wamarekani humwita baba wa Corvette, alizaliwa Brussels mwaka 1909 kwa wazazi Warusi, akasomea Berlin, akakimbia vita Ulaya. Mwaka 1953 aliliona gari la maonyesho kwenye hoteli ya Waldorf Astoria, New York, akalipenda, akaajiriwa na General Motors mwaka huo huo, na alilishughulikia hadi alipostaafu 1975. Alizungumza Kiingereza kwa lafudhi nzito mpaka kufa kwake. Majivu yake yako kwenye jumba la makumbusho la Corvette huko Bowling Green, Kentucky, mwendo wa saa tano hivi kutoka kwako. Ukipita na lori njia hiyo, simama.

Na siku utakapoliwasha lako na kulitoa barabarani, utakuta Corvette nyingine inakuja mbele, na dereva wake atakunyanyulia mkono. Ni desturi yao ya miaka mingi, hawajali gari ni la mwaka gani wala nani yuko ndani. Mnyanyulie na wewe.

Nitumie picha ya ile tarehe ukishaisugua. Na ukienda kuliangalia la machungwa, nenda asubuhi baada ya usiku wa mvua kama utaupata, na mwambie mwenyewe asiliwashe kabla hujafika. Injini ya moto huficha mengi. Anza na zulia la upande wa dereva.